Nane Nane Inaficha Kosa: JavaScript na Tarehe za Ufipa

Chukua orodha ya sikukuu za taifa za Tanzania, ziandike kama tunavyoziandika kwenye fomu zetu, siku kwanza, mwezi, kisha mwaka, halafu ipe Chrome izisome kwa amri ya new Date(). Mapinduzi, 12/1/2025, yanageuka kuwa tarehe 1 Desemba. Kumbukumbu ya Karume, 7/4/2025, inahamia tarehe 4 Julai. Mei Mosi inarudi nyuma hadi tarehe 5 Januari, na Uhuru, 9/12/2025, unaangukia tarehe 12 Septemba. Muungano wa 26/4 na Siku ya Nyerere ya 14/10 hazisomeki kabisa; zinarudishwa na maneno Invalid Date. Ukiacha Mwaka Mpya, ni Saba Saba na Nane Nane tu zinazobaki mahali pake, kwa kuwa hata ukizigeuza mbele nyuma zinasomeka vilevile.

Hizo mbili zilizosalimika ndizo zinazoleta balaa. Mtu anayetengeneza daftari la kielektroniki la wakulima ili alionyeshe kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako Rukwa hukutana na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini kila Agosti, ataijaribu programu yake kwa tarehe ya siku hiyohiyo. 8/8 itasomeka bila kasoro. Ataikabidhi kwa furaha, itapelekwa Laela na Namanyere, na kesho yake karani ataingiza mzigo wa mahindi uliopokelewa tarehe 9/8. Hakuna onyo wala maandishi mekundu: mahindi ya Agosti yameandikwa Septemba. Ikifika 13/8 mambo yanageuka tena, programu inakataa tarehe yenyewe, na karani anadhani mtandao umegoma. Kwa ufupi, siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi programu inadanganya, isipokuwa ile moja ambayo siku na mwezi zina namba sawa. Siku zote zilizobaki inakataa. Kati ya hayo mawili, afadhali ikatae.

Matatizo ya JavaScript na tarehe yanajulikana dunia nzima na yameandikiwa sana. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sura ya tatizo inategemea mahali uliposimama. Mtu aliyeko Sumbawanga, saa tatu mbele ya saa ya dunia, mwenye simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, anayeandika siku kabla ya mwezi na anayehesabu saa kuanzia jua linapochomoza, hakutani na makosa yaleyale anayokutana nayo mwenzake wa New York. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na mwenzake huyo. Unatukinga na kosa ambalo kwetu halionekani, na unatuacha wazi kwa lile linalotung'ata kila siku.

Tuanzie chanzo. Mwaka 1995 Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, aliunda lugha ya JavaScript kwa siku kumi. Alitakiwa aifananishe na Java, lugha iliyokuwa ikivuma wakati huo, na kwa upande wa tarehe kilichofanyika ni kuhamisha muundo wa Java kama ulivyo. Ulihamia na kasoro zake: miezi inahesabiwa kuanzia sifuri, hivyo Januari ni 0 na Desemba ni 11, na mwaka wenye tarakimu mbili ukipewa kama namba unasomwa kuwa wa karne iliyopita. Java yenyewe ilianza kuuacha muundo huo mwaka 1997, ikatafuta njia nyingine. JavaScript haikuweza kuuacha, maana tovuti zilizokwisha kujengwa juu yake zingeanguka. Ndiyo hali ya intaneti: kilichowekwa leo haking'olewi kesho.

Kasoro kubwa kuliko zote haimo kwenye miezi ya sifuri. Imo kwenye kile kinachohifadhiwa. Kitu kinachoitwa Date katika JavaScript hakina siku, mwezi wala mwaka ndani yake. Kina namba moja tu: idadi ya milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia, UTC. Namba hiyo inafaa kwa tukio lililotokea wakati fulani, kwa mfano fedha iliyotumwa kwa simu au basi lililotoka stendi. Siku ya kuzaliwa si tukio la namna hiyo. Tarehe ya kupokea mbolea si milisekunde. Ni alama kwenye kalenda, na inabaki ileile hata ukivuka Ziwa Tanganyika. Ukiilazimisha iwe milisekunde, kila atakayeisoma itabidi aigeuze tena kuwa kalenda, na kila kugeuza kunahitaji kujua saa ya mahali gani inatumika. Makosa karibu yote ninayoyataja humu yanatoka katika mgeuzo huo.

Viwango vilikuja polepole. Toleo la kwanza la kanuni za lugha lilitoka mwaka 1997 chini ya shirika la Ecma, na kuhusu kusoma tarehe liliviachia vivinjari uhuru mkubwa. Ilipofika Desemba 2009, toleo la tano ndilo lililotaja umbo moja ambalo kila kivinjari lazima kilielewe: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, vikitenganishwa kwa vistari, kama 2025-08-09. Hata hapo kukabaki utata: maandishi yasiyotaja ukanda wa saa yahesabiwe kwa saa ya wapi? Mwaka 2009 ilisemwa saa ya dunia. Mwaka 2015 ikasemwa saa ya mahali. Mwaka uliofuata ikaamuliwa nusu kwa nusu, na uamuzi huo ndio tulio nao mpaka leo: tarehe tupu, 2025-08-09, ni saa ya dunia, tarehe yenye saa, 2025-08-09T08:00, ni saa ya mahali. Tofauti ya herufi chache inahamisha maana kwa saa tatu nzima. Mtu anayejifunza anastahili kuambiwa hili siku ya kwanza, lakini wengi wanalifahamu baada ya kuumia.

Maandishi ya umbo lingine lolote, kiwango kinasema, kivinjari kiyasome kinavyoona. Hapa ndipo Chrome inapoonyesha ukarimu uliopita kiasi. Neno isilolijua kabla ya namba ya kwanza inaliruka. Mwezi inautambua kwa herufi tatu za mwanzo za jina lake la Kiingereza, na zinazofuata haizijali. Sasa pitisha miezi ya Kiswahili kwenye kichujio hicho. Januari inapita, maana inaanza na Jan. Februari, Aprili, Juni, Julai, Septemba na Novemba nazo zinapita. Machi haipiti, kwa kuwa Chrome inatafuta Mar. Mei haipiti. Agosti, Oktoba na Desemba hazipiti. Ukiandika 8 Julai 2025 unapata tarehe sahihi kabisa. Ukiandika 8 Agosti 2025 unapata Invalid Date.

Liweke jambo hili kwenye msimu wa Ufipa, huku Rukwa, ulione vizuri. Mahindi yanavunwa Juni na Julai. Programu inasoma tarehe zote, kila mtu ameridhika. Agosti, wakulima wanapopanga magari kwenye vituo vya ununuzi vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na kwa wafanyabiashara, programu inagoma. Septemba inapona yenyewe bila kuguswa. Oktoba inaugua tena. Novemba mvua zinaanza, mbegu na mbolea zinaingizwa, haina neno. Desemba inakufa. Msanidi anayeitwa kutoka Mbeya Septemba kuja kutengeneza hitilafu ya Agosti hataikuta, ataondoka akisema tatizo ni simu za watu. Sijui kosa gumu kulikamata kuliko linaloenda na kurudi kwa miezi.

Ukarimu huohuo unazaa tarehe pasipo na tarehe. Ipe Chrome jina la mtaa na namba, Kizwite 5, na itakujibu kuwa ni tarehe 1 Mei 2001: neno imeliruka, tano imeifanya mwezi, na mwaka imejitungia. Ipe Jangwani 3, mtaa mwingine wa Sumbawanga, na itasema 3 Januari 2001, kwa sababu Jangwani inaanza na Jan. Msimu wa kilimo wa 2011/12, tunavyouandika sote kwenye taarifa, unakuwa tarehe 1 Desemba 2011. Msimu wa 2024/25 unakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano. Kwa hiyo yeyote anayetumia new Date() kama mtihani wa kujua kama mtu ameandika tarehe au hakuandika, hana mtihani. Amefungua mlango na kuuita ukuta.

Vivinjari vingine vina tabia zao. Tarehe 2025-02-30, ambayo haipo kwenye kalenda yoyote, Chrome inaisogeza kuwa 2 Machi, na kwa miaka mingi Firefox iliikataa. Maandishi kama 2025-08-09 08:00:00, yenye nafasi katikati badala ya herufi T, ndivyo kanzidata nyingi zinavyotoa tarehe. Chrome iliyasoma bila shida, lakini matoleo ya zamani ya Safari yaliyarudisha na Invalid Date. Jambo hili liliwatesa wengi kwa sababu msanidi wetu anafanya kazi kwenye kompyuta ya Windows na simu ya Android, wakati mwenye iPhone ni bosi aliyeagiza kazi. Na kumwambia bosi apakue Chrome hakukusaidia, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo kivinjari chochote ndani ya iPhone kililazimika kutumia injini ya Safari.

Sasa twende kwenye lile ninalosema linatung'ata. Mwongozo wa Kimarekani utakuonya usiandike new Date("2025-08-09"), kwa sababu itasomwa kama saa sita usiku kwa saa ya dunia, na New York muda huo bado ni jioni ya tarehe 8, hivyo mtumiaji ataona siku iliyopita. Ni kweli kwao. Kwetu, saa sita usiku ya dunia ni saa tisa usiku ya tarehe 9, siku ni ileile, kila kitu kinaonekana sawa. Kosa lipo, halionekani tu. Msanidi wa Sumbawanga anasoma onyo, anajaribu, haoni tatizo, anadharau onyo lote.

Kisha anafanya safari ya kurudi. Mtumiaji amechagua tarehe 9 Agosti kwenye kalenda ya fomu. Programu inatengeneza new Date(2025, 7, 9), yaani saa sita usiku ya kuamkia tarehe 9 kwa saa ya hapa. Ili kuituma kwenye seva, anaita toISOString(), amri inayosifiwa kila mahali kuwa ndiyo salama. Inatoa 2025-08-08T21:00:00.000Z. Anakata herufi kumi za mwanzo, na kinachohifadhiwa ni tarehe 8. Kila mara, mchana na usiku, kila mtumiaji. New York kosa hili halitokei, kwa kuwa wao wako nyuma ya saa ya dunia na usiku wao wa manane bado unaangukia siku ileile. Wao wanakosea wakisoma, sisi tunakosea tukiandika. Afrika Mashariki nzima, kutoka Mombasa hadi Kampala, iko upande wetu.

Kosa hili lina ndugu yake mdogo aliyejificha zaidi. Kupata tarehe ya leo, wengi wanaandika new Date().toISOString() na kukata herufi kumi. Kwa kutwa nzima jibu ni sahihi. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku jibu ni jana. Nani yuko macho saa hizo? Mkunga. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku anaandikwa kazaliwa jana yake. Wavuvi wa dagaa kule Kirando na Kipili, ambao kazi yao ni ya usiku. Mlinzi anayesaini zamu. Msanidi amelala, na majaribio yake aliyafanya mchana.

Mpakani hali inanoga zaidi. Kutoka Matai, makao makuu ya Kalambo, barabara inakwenda Kasesya, na ng'ambo yake ni Zambia na mji wa Mbala. Zambia inatumia saa mbili mbele ya saa ya dunia. Mashariki ya Kongo, upande wa pili wa ziwa, vilevile. Simu iliyoachiwa ijirekebishe yenyewe ikidaka mtandao wa Zambia inarudisha saa nyuma kwa saa moja, na kivinjari kinaifuata simu. Tarehe iliyohifadhiwa Sumbawanga kama saa sita usiku ya tarehe 9 sasa inasomeka saa tano usiku ya tarehe 8. Mfanyabiashara wa maharage anafungua risiti yake akiwa Kasesya, anaona tarehe tofauti na aliyoiona asubuhi stendi, na hakuna mtu aliyegusa chochote. Shilingi hazikubadilika, lakini karatasi yenye tarehe mbili haiaminiki mbele ya mtu wa ushuru.

Dawa ya hapo inajulikana: usiiulize simu iko wapi, iambie. Intl.DateTimeFormat, chombo kilichowekewa kiwango mwaka 2012 kwa ajili ya kuandika tarehe kwa lugha mbalimbali, kinakubali jina la ukanda, Africa/Dar_es_Salaam, na kuandika saa ya Tanzania hata simu ikiwa Lusaka. Lakini dawa nayo ina masharti. Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS, kama Smart Kitochi, zina toleo la 2.5 lililojengwa juu ya injini ya Firefox namba 48, na Firefox ilianza kukubali majina ya kanda za saa katika toleo la 52. Kwenye simu hizo amri inayotibu wengine inasimamisha ukurasa mzima. Inabidi ukamate kosa na kuongeza saa tatu kwa mkono, jambo linalokubalika kwa sababu nchi yetu haina mchezo wa kusogeza saa kiangazi na masika.

Haina leo. Saa iliwahi kusogezwa. Kanzi ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi inaonyesha kuwa Dar es Salaam ilikuwa saa tatu mbele tangu mwaka 1931, ikarudi kwenye saa mbili na dakika arobaini na tano mwaka 1948, na kurejea saa tatu mwaka 1961. Mwaka 2014 watunzaji wa kanzi waliiunganisha Dar es Salaam na Nairobi, ambayo historia yake ni tofauti, na mistari ya zamani ikawekwa kwenye faili la pembeni. Ukichukua siku ya kuzaliwa ya mzee wa mwaka 1955, ukaihifadhi kama saa sita usiku ukitumia saa tatu kamili, kisha ikasomwa na mashine inayoikumbuka historia ya zamani, inatoka saa tano na dakika arobaini na tano usiku wa siku iliyotangulia. Dakika kumi na tano zinampokonya mzee siku yake ya kuzaliwa. Mtu atasema ni jambo dogo. Si dogo pale tarehe hiyo inapolinganishwa na namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu ishirini, ambayo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikitofautiana kwa siku moja, mzee anakataliwa.

Namba hiyo ya NIDA nayo ina mtego. Tarakimu 19900101, zikipelekwa kwa new Date() kama namba, zinahesabiwa kuwa milisekunde, na jibu ni tarehe 1 Januari 1970, saa mbili na dakika thelathini na moja asubuhi kwa saa zetu. Zikate vipande vitatu, mwaka, mwezi, siku, uzihifadhi hivyo. Hazihitaji kupita kwa Date hata kidogo.

Upande wa kuandika tarehe ili isomwe na mtu, nina malalamiko mawili. La kwanza ni la kuiachia simu iamue. Ukiita toLocaleDateString() bila kutaja lugha, kivinjari kinafuata lugha ya simu. Simu nyingi za Tecno na itel mikononi mwetu zimeachwa kwenye Kiingereza cha Marekani kama zilivyotoka dukani. Kwa hiyo tarehe 9 Agosti inaandikwa 8/9/2025 kwenye simu ya mama na 9/8/2025 kwenye simu ya mwanawe aliyeweka Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja, meza moja. Taja sw-TZ, na mwezi uandike kwa jina: 9 Agosti 2025. Majina ya miezi na siku za Kiswahili yamo ndani ya vivinjari vya kisasa, hayagharimu kitu.

Na ukishaandika kwa ajili ya mtu, usiirudishe kwa mashine. Mwishoni mwa 2022 watunzaji wa kanzi ya lugha, CLDR, walibadilisha nafasi iliyo kabla ya AM na PM katika Kiingereza, wakaweka nafasi nyembamba isiyovunjika. Kwa macho huioni. Chrome ilipoipokea mwanzoni mwa 2023, tovuti zilizokuwa zikisoma tena maandishi ziliyoyaandika zenyewe zilivunjika, na ikabidi Chrome irudishe nafasi ya kawaida. Waliovunjikiwa hawakubadilisha hata mstari mmoja. Walikuwa wameitegemea sura ya maandishi ambayo hakuna aliyewaahidi kuwa haitabadilika.

Lalamiko la pili ni zito zaidi kwangu, nalo ni la saa yetu. Chombo hicho cha Intl kinajua mizunguko minne ya saa, na yote inaanza usiku wa manane au adhuhuri. Wa kwetu, unaoanza jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, haumo. Kinajua maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na ukikiomba kiyaweke kitayaweka, lakini kitayabandika kwenye hesabu ya Kizungu: muda ambao sisi sote tunauita saa mbili asubuhi kinautolea nane pamoja na neno asubuhi. Huo ni muda usiokuwepo kwa mtu yeyote anayezungumza lugha hii. Mbaya zaidi ni tovuti inayoandika tu saa 8:00. Msafiri wa Dar es Salaam anayepanda basi Sumbawanga anaisoma saa nane, anafika stendi mchana, na basi limeshapita Tunduma.

Hesabu yenyewe haina ugumu: chukua saa ya kompyuta ya mzunguko wa ishirini na nne, ongeza 5, gawanya kwa 12, chukua salio, ongeza 1. Kumi na nne inatoa nane. Saba inatoa moja. Sifuri inatoa sita. Kinachotaka uangalifu ni neno linalofuata namba, na hili hubadilika kwa mahali. CLDR inahesabu alfajiri hadi kabla ya saa moja kamili, kisha inaanza asubuhi. Dar es Salaam saa moja kumekucha zamani. Sumbawanga iko magharibi kwa takribani nyuzi saba na nusu za longitudo, jua linachelewa kwa yapata nusu saa, na mwezi wa Julai linachomoza saa moja ikiwa imepita kwa dakika chache. Na usiku una tatizo lake la tarehe: basi la saa kumi usiku wa Ijumaa, je, ni alfajiri ya Ijumaa au ya Jumamosi? Wasemaji wa Kiswahili wameshalitatua kwa kusema usiku wa kuamkia Jumamosi, na programu inayouza tiketi ingeandika hivyohivyo, pamoja na tarehe ya siku inayopambazuka.

Kuhusu maktaba za kusaidia, sitakaa sana. Moment.js ilitawala tangu 2011. Septemba 2020 wenyewe wakatangaza kuwa haiendelezwi tena na kuwashauri watu wahamie kwingine, Luxon, date-fns au Day.js. Zote zinasoma tarehe kwa umbo unalolitaja wewe, na hilo ndilo jambo la maana: siku kwanza ukiiambia siku kwanza. Ila kwa mtu anayenunua kifurushi cha siku na kufungua ukurasa akiwa kwenye mteremko wa Lyambalyamfipa, kila kilobaiti ni fedha. Kwa fomu ya kawaida haihitajiki maktaba. Tumia kisanduku cha tarehe cha kivinjari chenyewe, kile cha input cha aina ya date, ambacho kinamwonyesha mtu tarehe kwa desturi ya simu yake lakini kinakabidhi maandishi ya umbo moja tu, 2025-08-09. Safari ya kwenye kompyuta ilichelewa kukipokea hadi 2021. Sasa kipo kote. Maandishi hayo yapeleke kwenye seva kama yalivyo. Yakihitaji kuonyeshwa, yakate kwenye vistari na uweke jina la mwezi. Mtu akiandika kwa mkono 9/8/2025, yakate kwenye mikwaju, hakikisha siku haizidi siku za mwezi huo, na kama haieleweki mrudishie aandike tena.

Suluhisho la ndani ya lugha yenyewe linaitwa Temporal. Pendekezo lake lilianza kujadiliwa mwaka 2017, Firefox ililiweka katika toleo la 139 mwezi Mei 2025, na Chrome ikafuata katika toleo la 144. Lina kitu kiitwacho PlainDate, tarehe ya kalenda isiyo na saa wala ukanda: miezi inaanzia 1, maandishi 2025-02-30 yanakataliwa, na 9/8/2025 inakataliwa pia badala ya kubahatishwa. Lina aina nyingine kwa tukio lenye wakati na mahali pake. Hatimaye siku ya kuzaliwa na muda wa muamala vimetenganishwa, miaka thelathini baada ya kufungwa pamoja. Mzunguko wa saa wa Kiswahili haumo humo pia, na hautaingia mpaka utakapopendekezwa na kupewa data katika CLDR, kazi iliyo wazi kwa wazungumzaji wa kila lugha. Na simu ya kitochi iliyoko Matai leo haitapokea Temporal. Hiyo itaendelea kufungua kurasa zetu kwa injini ya mwaka 2016, kwa hiyo tarehe zake tuziache ziwe maandishi.